Mwongozo: Kuandika mazingira ya kijiolojia ya mashapo ya madini kwenye kanzidata

Fungua kanzidata yoyote ya madini iliyoanzia kwenye Excel, uwezekano ni mkubwa utakuta safu moja imeandikwa "Jiolojia". Humo kila mtu kamwaga alichonacho. Mstari mmoja unasema "Nyanzian, kwatzi, karibu na granaiti". Unaofuata unasema "BIF". Mwingine "dhahabu ya rifu", mwingine mtupu. Aliyeandika alijua anachomaanisha siku ile. Miaka mitano baadaye mtu anauliza swali jepesi tu, nionyeshe dhahabu yote ya Geita iliyo ndani ya miamba ya chuma yenye mistari (ndiyo hiyo BIF), na hakuna wa kumjibu bila kukaa chini na kusoma mstari kwa mstari.

Mwongozo huu ni wa anayejenga au kurekebisha kanzidata kama hiyo: mjiolojia wa ofisi ya madini ya mkoa, mwanafunzi, kampuni ndogo ya utafutaji, chama cha wachimbaji. Mifano yangu ni ya Tanzania, nchi yenye miamba ya karibu kila rika. Programu utakayotumia si jambo kubwa. Excel yatosha kuanzia, faili la GeoPackage ndani ya QGIS, programu ya ramani, ni bora zaidi, na PostgreSQL, programu ya kanzidata kubwa, ukiwa na mtu wa kuitunza. Kazi yenyewe ni kutenganisha mambo yanayopenda kukaa pamoja: kilichoonekana, umri wake, tafsiri yake, na nani kasema.

Hatua ya 1: Amua unaandika habari za kitu gani

Mgodi, leseni na eneo la madini ni vitu vitatu. Mgodi wa Geita ni mmoja, lakini maeneo ya madini yaliyomo ni kadhaa, yakiwemo Nyankanga, Geita Hill na Star and Comet, na kila moja lina miamba na mipasuko yake. Ukiandika jiolojia ya "mgodi" utalazimika kuchanganya yote. Andika jiolojia kwa eneo la madini (yaani mashapo yenyewe, mahali madini yalipojikusanya), kisha mgodi na leseni vikae kwenye majedwali yao na kuunganishwa kwa namba.

Namba hiyo ya utambulisho isiwe na maana yoyote. Usiweke ndani yake jina la kampuni, wilaya wala aina ya madini. Bulyanhulu ilikuwa mikononi mwa Sutton Resources hadi Barrick walipoinunua mwaka 1999, ikaja kuwa ya African Barrick Gold, kampuni iliyobadili jina kuwa Acacia mwaka 2014, halafu 2019 ikarudi Barrick na serikali ikapata asilimia 16 kupitia Twiga, kampuni ya ubia. Wilaya nazo hugawanywa. Mkoa wenyewe wa Geita haukuwepo kabla ya 2012. Rifu yenyewe, yaani mshipa wa dhahabu, haijasogea hata inchi moja muda wote huo.

Majina yapewe jedwali la peke yake, kwa sababu eneo moja huwa na majina mengi. Mirerani na Merelani ni pamoja. Mwadui na Williamson ni pamoja. Weka kila jina, lugha au chanzo chake, na alama kwenye lile linalotumika sasa.

Hatua ya 2: Mahali, na ubora wa kipimo cha mahali

Hapa ndipo kanzidata nyingi za kwetu zinapooza kimyakimya. Ramani za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zimetumia datamu (msingi wa kupimia kodineti) ya Arc 1960. Simu yako na GPS ya mkononi kwa kawaida zinatoa WGS 84. Nukta ileile ikisomwa kwa datamu isiyo yake inahama karibu mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Mita 300 zinatosha kukutoa kwenye leseni yako na kukuingiza kwenye ya jirani, na zinatosha kabisa kukutoa kwenye mwamba wa chuma na kukuweka kwenye granaiti.

Kwa hiyo usikubali kodineti yoyote bila mambo matatu: datamu, kanda ya UTM (mfumo wa kodineti za mita unaogawa dunia kwa kanda), na umbali wa makosa kwa mita. Tanzania inaguswa na kanda tatu za kusini: 35 kule Kigoma, 36 kwa Geita na Shinyanga, 37 kwa Mirerani na pwani yote. Ukiona nukta ya Geita imetua Kenya au Kongo, tazama kanda kwanza. Ukiona imetua ng'ambo ya ikweta mbali kabisa, kuna aliyechagua kanda ya kaskazini.

Umbali wa makosa ni safu inayodharauliwa. Ripoti inaweza kusema tu "kilomita tatu hivi kusini mwa kijiji". Weka nukta, sawa, lakini andika makosa ya mita 2,000, na njia uliyoitumia: "imekadiriwa kutoka maelezo". Vivyo hivyo unapoingiza data kutoka kanzidata za nje. Ile ya Marekani iitwayo MRDS, ya shirika la jiolojia la USGS, ina nukta za dunia nzima na ni msaada mkubwa, ila iliacha kuhuishwa kwa utaratibu mwaka 2011, na baadhi ya nukta zake zilitolewa kwenye ramani ndogo sana. Ziingize, lakini zisikae daraja moja na nukta uliyoisimamia mwenyewe.

Hatua ya 3: Miamba

Usiwe na safu ya "mwamba". Uwe na jedwali la miamba, ambamo eneo moja la madini linaweza kuwa na mistari miwili, mitano au kumi, na kila mstari unasema mwamba huo una kazi gani pale. Kazi zenyewe ni chache: mwenyeji (madini yamo ndani yake), jirani (umeshikana nao), mkataji (umeingia baadaye na kukata mingine), kifuniko (udongo au mwamba wa umri mdogo ulio juu).

Chukua Nyankanga. Ripoti ya kawaida ingeweza kusema: "Dhahabu iko kwenye BIF ya Nyanzian iliyoingiliwa na dayoraiti, kando ya ukanda wa miamba iliyosagika unaoinama kaskazini-magharibi, pamoja na piraiti." Sentensi nzuri, lakini kwa kanzidata imebeba mizigo sita. Ikivunjwa inakuwa hivi:

mwamba: miamba ya chuma yenye mistari, kazi: mwenyeji
mwamba: dayoraiti, kazi: mwenyeji
kundi la miamba: Nyanzian
umbo linaloongoza madini: ukanda wa miamba iliyosagika
upande wa mwinamo: kaskazini-magharibi
madini yanayoambatana: piraiti

Angalia mstari wa pili. Aliyeandika sentensi alitaja dayoraiti kama mgeni aliyepita, kumbe Nyankanga dayoraiti nayo inabeba dhahabu. Ukiwa na safu moja tu ya mwamba, itaingia "BIF" na dayoraiti itapotea. Kesho mtafutaji mwingine ataacha kupima dayoraiti kwenye kilima cha jirani kwa sababu kanzidata imemwambia haina kitu.

Angalia pia "Nyanzian". Hilo ni jina la kundi la miamba, na ndani ya kundi hilo mna lava za aina kadhaa, majivu ya volkano yaliyogandamana na miamba ya chuma. Kuliandika kwenye safu ya mwamba ni sawa na kujaza jina la ukoo pale panapoulizwa kazi ya mtu. Lina safu yake. Na kwa kuwa majina ya makundi hubadilika, weka safu mbili: jina kama lilivyoandikwa kwenye chanzo, na jina linalotumika sasa. Eneo la nikeli la Kabanga, Ngara, kwenye ripoti za zamani liko katika "Kibaran". Maandishi mapya yanauita ukanda huo Karagwe-Ankole. Ukifuta jina la zamani, hutaweza tena kuipata ripoti ya zamani.

Majina ya miamba yatoke kwenye orodha ya kuchagua, si kuandikwa kwa mkono. Vinginevyo utakuwa na granaiti, granite, Granite, "gr." na "itale", yote kitu kimoja, na kompyuta inahesabu vitano. Huna haja ya kubuni orodha mwenyewe: tume ya CGI iliyo chini ya umoja wa kimataifa wa sayansi za jiolojia, IUGS, inatoa orodha za miamba, rika na aina za mashapo kwa matumizi ya wote. Chukua misimbo yao, kisha weka majina ya Kiswahili ya ofisi yenu pembeni.

Hatua ya 4: Umri, na umri wa nini

Swali "mashapo haya yana umri gani" halina jibu mpaka useme umri wa nini. Mwadui inaonyesha vizuri. Granaiti inayozunguka ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Bomba la kimberlaiti lililoipasua na kupanda juu lina takribani miaka milioni 50, kijana kabisa kwa vipimo vya jiolojia. Almasi zenyewe ni mizigo iliyobebwa kutoka chini sana, na kwa kawaida almasi ni kongwe kuliko kimberlaiti iliyozileta. Umri wa aina tatu, shimo moja.

Jedwali la umri liwe na: kitu kilichopimwa (mwamba mwenyeji, mshipa, kristali), umri wa chini na wa juu kwa mamilioni ya miaka, njia iliyotumika, na chanzo. Ripoti ikisema "Akea" tu (jina la rika la kale sana) bila namba, andika neno hilo kwenye safu ya rika na uache namba wazi. Usijaze 2,500 kwa sababu ndiyo mpaka wa Akea na Proterozoiki. Atakayekuja atadhani kuna mtu aliyepima maabara.

Mara nyingi hutakuwa na kipimo chochote, ila utakuwa na mfuatano: mshipa umekata dayoraiti, daiki (mwamba ulioingia kwenye ufa ukiwa umeyeyuka) imekata mshipa. Huo ni ushahidi mzuri mno na una haki ya kuandikwa. Safu mbili zinatosha, "kikataji" na "kilichokatwa".

Hatua ya 5: Umbo na mipasuko

Mwelekeo na mwinamo ni namba mbili kwenye safu mbili. Chagueni kanuni moja ofisi nzima. Mimi napendelea ya mkono wa kulia: ukitazama upande wa mwelekeo, mwamba unainamia kulia kwako. Iandikeni kwenye maelezo ya jedwali. "N45E/60" ya mtu mmoja na "045/60" ya mwingine na "60 kuelekea 135" ya wa tatu zinaweza kuwa kitu kimoja, na zinaweza zisiwe.

Unene nao uwe wa chini na wa juu, safu mbili. Ukiandika "2-3" kwenye Excel, nayo kwa hekima yake itaugeuza kuwa tarehe, na mshipa wako wa mita mbili na nusu utakuwa umezaliwa mwezi wa pili au wa tatu.

Kwenye machimbo madogo data bora ya umbo iko kwa wachimbaji wenyewe. Mtu aliyeshuka duara (shimo la wachimbaji) lilelile kwa miezi anajua rifu inaelekea wapi, inalala upande gani, ilinenepa wapi na ilikonda wapi. Muulize juu, kwenye mdomo wa duara. Hakuna kipimo cha mwinamo kinachostahili kushuka shimo lisilo na magogo ya kuzuia kuta. Akikuambia, "Rifu ilikatika mita kumi na nane, tukachimba kushoto, tukaikuta tena," umepewa habari ya mpasuko uliohamisha mshipa, pamoja na kina chake na upande uliosogea. Maneno yake yaingie kama alivyoyasema kwenye safu ya maelezo ya shambani. Tafsiri yako, "mpasuko unakata mshipa", iingie kwenye safu ya mipasuko, na chanzo kiwe "maelezo ya mchimbaji", tarehe iwepo, jina lake lisiwepo. Nimeona wajiolojia wanaoyarudia maelezo kama haya kwa lugha ya vitabuni mpaka mita kumi na nane zinapotea njiani.

Mabadiliko ya mwamba pembeni mwa mshipa (kubadilika rangi, kujaa piraiti, kuwa laini kama sabuni) yapewe safu yake, pamoja na upana wa eneo lililobadilika. Na kina ambacho mwamba umeoza kutoka juu usikisahau, kwani juu ya mstari huo piraiti, ambayo ni madini ya chuma na salfa, huwa imegeuka kutu.

Hatua ya 6: Mazingira ya wakati ule na mahali pa leo

Kosa la kawaida kuliko yote kwenye safu ya mazingira ya kitektoniki (ya miondoko ya ganda la dunia) ni kuandika kinachoonekana leo kwenye ramani. Mirerani ipo jirani na Kilimanjaro na Bonde la Ufa, basi mtu anaandika "Bonde la Ufa". Tanzanite imo kwenye naisi zenye grafaiti za Ukanda wa Msumbiji, na iliumbika takribani miaka milioni 585 iliyopita, wakati mabara yalipokuwa yakigongana kuunda Gondwana, bara kubwa la kale. Ufa ulikuja baadaye mno.

Panda Hill, karibu na Mbeya, ni mtego mkubwa zaidi. Ni kabonataiti, mwamba wa kaboneti uliotokana na magma, yenye metali ya niobi, katika nchi ya volkano changa na ufa wa Rukwa. Kila kitu kinakuita uandike ufa wa leo. Lakini kabonataiti hiyo ina zaidi ya miaka milioni 100. Fosfeti ya Minjingu, kwa upande mwingine, ni ya ziwa la kale ndani ya ufa huuhuu, kwa hiyo pale jibu la haraka ni sahihi.

Weka safu mbili: "mazingira wakati wa kuumbika" na "mahali kijiolojia leo". Ya pili unaweza kuijaza ukiwa ofisini kwa kulaza nukta juu ya ramani. Ya kwanza inahitaji umri wa hatua ya 4. Kama umri huna, iache.

Hatua ya 7: Aina ya mashapo ni maoni, yaandikwe kama maoni

"Dhahabu ya orojeni" (iliyotokea milima ilipokuwa ikiumbika), "uranium ya mchangatawe" (mwamba wa mchanga), "bomba la kimberlaiti" ni tafsiri. Nyingine hazina ubishi. Hakuna atakayegombana nawe kuhusu Mwadui, na uranium ya Mkuju kwenye mchangatawe wa Karoo iko wazi vya kutosha. Nyingine zimegombaniwa miongo mingi. Kwa dhahabu ya miamba ya chuma kama ya Geita, kuna waliosema ilitua sakafuni mwa bahari pamoja na chuma chenyewe, na waliosema ililetwa baadaye na maji moto yaliyopita kwenye mipasuko. Leo wengi wako upande wa pili.

Sasa fikiria kanzidata mbili za zama za ubishi huo. Ya kwanza iliandika tu "dhahabu ya sakafu ya bahari". Ya pili iliandika kwamba piraiti imekula magnetaiti, madini ya chuma, kuanzia kwenye nyufa kwenda ndani, na mbali na nyufa magnetaiti ni nzima bila dhahabu. Nadharia ilipobadilika, ya kwanza ilibaki na jina lililopitwa. Ya pili ilikuwa na ushahidi wenyewe, na haikuhitaji kurekebishwa hata neno.

Kwa hiyo jedwali la tafsiri liwe mbali na jedwali la miamba, na kila mstari uwe na: aina ya mashapo, aliyependekeza, mwaka, na uhakika (imara, inawezekana, dhaifu). Ruhusu mistari miwili inayopingana. Usimlazimishe mwingizaji data achague mshindi, maana si kazi yake na mara nyingi hana muda.

Hatua ya 8: Chanzo, na aina tatu za utupu

Kila mstari wa kila jedwali uwe na chanzo chake, na ukurasa. Chanzo kimoja kwa rekodi nzima hakitoshi, kwa sababu kodineti huwa ya GPS yako, umri wa makala ya chuo, na unene wa ripoti ya mkoloni. Kwa ripoti za zamani, makao makuu ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, yako Dodoma, na wao ndio wachapishaji wa ramani za robo digrii. Ukitumia ramani, andika namba yake na mwaka wa toleo.

Kisha tofautisha "haijaangaliwa", "imeangaliwa, haijulikani" na "haihusiki". Nafasi tupu inabeba maana zote tatu kwa pamoja, na hapo ndipo takwimu zinapodanganya: mtu atahesabu maeneo yasiyo na mipasuko, kumbe ni maeneo yasiyo na wajiolojia.

Hatua ya 9: Ijaribu kabla ya kuisifu

Maeneo ishirini yakishaingia, simama. Yalaze QGIS juu ya ramani ya jiolojia. Nukta iliyo katikati ya Ziwa Victoria itajitangaza yenyewe. Zile ambazo mwamba mwenyeji haufanani na ramani zinahitaji subira, kwani pengine kosa ni la ramani. Tafuta kila mahali ambapo umri wa mshipa ni mkubwa kuliko wa mwamba uliokatwa nao. Orodhesha majina yote tofauti ya miamba yaliyotumika na uone kama kuna lililopenya nje ya orodha.

Halafu mpe mwenzako ambaye hakushiriki maswali matatu: maeneo ya dhahabu yenye dayoraiti kama mwenyeji; maeneo yote yenye umri uliopimwa maabara; maeneo ambayo makosa ya kodineti yanazidi mita 500. Akikupigia simu kuuliza maana ya safu, andika jibu lako kwenye maelezo ya safu hiyo kabla hujakata.

Marekebisho yakija, usifute mstari wa zamani. Ongeza mpya, utie tarehe na jina la aliyerekebisha, na wa zamani uwekewe alama kwamba hautumiki.